Uzoefu wangu: "Mapumziko ya kifalme" Mufindi, na buibui waliostahili pesa zangu

Tangazo lao linasema "pumzika kama mfalme". Ufalme wenyewe nimeukuta kitandani tu: kitanda kipana cha mninga chenye nakshi na mablanketi mazito. Nyumba ni ya zamani, ya enzi za walowezi wa chai, ina meko ya kuota moto sebuleni na pembe za wanyama ukutani. Maji ya moto yanategemea jua, na Mufindi mwezi wa saba jua halionekani kwa urahisi. Oga jioni mapema au omba ndoo. Chakula sina neno, hasa kuku wa kienyeji.

Mimi ni mtu wa Iringa mjini. Ukinitajia makao ya mtawala nawaza Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa, ambayo Wajerumani waliipiga kwa mizinga Oktoba 1894. Pale hapakuwa mahali pa kwenda kupunga upepo. Wenye majumba ya kupumzikia walikuwa masultani wa Zanzibar, kule Mtoni na Maruhubi, na Waingereza, ambao Malkia wao Victoria alipata Balmoral huko Scotland mwaka 1852. Hawa wenyeji wangu wameiga Balmoral, baridi ikiwemo.

Ila matembezi ya usiku! Yanalipiwa pembeni, na nusura niyakatae. Kijana wa Kihehe anayeongoza alitugawia tochi za kufunga kichwani, akaniambia, "Dada, usiishike mkononi, iache usawa wa macho." Nikainamisha kichwa, nyasi zote zikawaka vidoa vya kijani. Kumbe ni macho ya buibui wawindaji, wale wasiotega utando bali hukimbilia mlo wao. Nyuma ya jicho wana tabaka linalorudisha mwanga kule ulikotoka, ndiyo maana mwenye tochi ya mkononi haoni kitu. Tulimsogelea jike mmoja aliyeburuta kifuko cha mayai kilichonata nyuma ya tumbo. Watoto wakianguliwa humpanda mgongoni, naye hutembea nao.

Mama mmoja kundini alikuwa akirudi nyuma kila tukisimama. "Shikamoo mama, usihofu," kijana akamwambia, "sumu yao ni ya nzi na panzi." Ni kweli: karibu buibui wote wana sumu, lakini wanaoweza kumdhuru mtu ni wachache sana. Akatuonyesha pia mfu aliyekunja miguu, akaeleza kwamba buibui huinyoosha miguu kwa kusukuma majimaji ndani yake. Akifa, msukumo unakwisha, miguu inajikunja.

Ukingoni mwa msitu tukamkuta wa utando wa dhahabu. Jike mkubwa katikati, dume kadogo kamejibanza pembeni kama mpangaji anayedaiwa kodi. Uzi ni wa njano wenyewe, haujapakwa rangi. Huko Madagascar walikusanya buibui wa jamii hii zaidi ya milioni moja, wakawavuta uzi na kuwaachia, wakafuma joho lililoonyeshwa London mwaka 2012. Hapo nikawasamehe neno "kifalme" kwenye tangazo.

Asubuhi nikatoka barazani na kikombe cha chai nikautazame utando mwingine tuliouona usiku karibu na ngazi. Mhudumu alikuwa ameshaupitia na fagio. Uongozi, tafadhali: vyumbani fagieni, barazani acheni. Mnauza matembezi ya buibui halafu mnawafagia?

Bei ya chumba ni kubwa mno ukilinganisha na gesti za Mafinga, na kwa chumba peke yake nisingerudi. Kwa matembezi nitarudi. Yawekee nafasi siku unayofika, maana kundi ni dogo. Beba sweta na gambuti. Barabara kutoka Mafinga ni ya vumbi kiangazi, na masika inateleza, gari dogo litakusumbua.