Tuisheni ya takwimu hapa Kirumba: ukienda, wahi kiti

Mimi nanunua dagaa kwa jumla hapa Mwanza, soko la Mwaloni, na mwaka huu narudia hesabu ya kidato cha nne. Jioni napanda kwenye chumba cha tuisheni juu ya duka la nyavu, buku mbili kwa kipindi. Nimekaa wiki sita.

Kipindi cha kupanga data kwa makundi ndicho kilichorudisha hela yangu. Tulitumwa kupima sangara 40. Mfupi kabisa sm 41, mrefu kabisa sm 88. Madogo wa sekondari wakawahi: toa, 47, gawa kwa makundi sita, basi kila kundi liwe na upana wa sm nane, 41–48, 49–56, twende. Hesabu haina kosa. Mwalimu akauliza, na huyu wa sm 49 yuko wapi? Kumbe kajificha kundi moja na wa 50, na sheria inataka sangara asipungue sm 50! Tukapanga upya kwa kumi kumi, 40–49 hadi 80–89, tukapiga tali, yaani kamstari kamoja kwa kila samaki: wachanga saba, wako peke yao. Ila samaki akishaingia 60–69 urefu wake hasa umepotea. Kwenye wastani kila mmoja wao anahesabiwa 64.5, katikati ya kundi. Hilo bado linanikera.

Sampuli nayo, yaani kukagua wachache badala ya wote, mwalimu aliileta kwa magunia. Una 60, unataka kukagua sita, yaani moja katika kila kumi: piga kura kati ya 1 na 10, ikitoka 4, fungua la 4, la 14, la 24, mpaka la 54. Usichague kwa macho, maana muuzaji ameshakuchagulia, yale mazuri kayaweka mbele. Nikamwambia, mwalimu, hata ndani ya gunia dagaa safi wako juu, mchanga uko chini. Akacheka: basi na humo chota juu, katikati na chini. Wiki iliyofuata nikafanya hivyo, nikakataa magunia mawili. Mwenye mzigo alininunia mpaka leo.

Ubaya sasa. Watu thelathini, viti ishirini. Histogramu, ule mchoro wa nguzo za makundi, ilifundishwa dakika kumi, umeme ukakatika, haikurudiwa. Ukikaa nyuma ubao huuoni.

Nyota tatu na nusu. Mimi siku hizi nabeba stuli yangu.