Kabla hujalipia tairi ya pikipiki, igeuze usome zile namba nne

Machi 2024, masika ndo yanaanza, natoka Kimara kupeleka vitenge vya wateja Kariakoo, na kabla hujafika Ubungo kuna zebra. Mvua ilikuwa imenyesha kama dakika kumi tu, ile ya kwanza kwanza inayochanganyika na oili na vumbi mpaka lami inakuwa mlenda. Mama mmoja akaingia na mtoto wake, nikabana breki ya mbele, tena taratibu, hata spidi thelathini sikuwa nimefika. Tairi ikapanda ile rangi nyeupe ikateleza kama sabuni bafuni. Nilichokumbuka baadaye ni niko chini, goti linachuruzika damu, na vitenge vya watu vinaogelea kwenye dimbwi.

Na tairi ilikuwa mpya jamani! Ina wiki tatu, vile vinyweleo vya mpira bado vimesimama, imenunuliwa dukani kwa elfu hamsini na tano yangu mwenyewe.

Nikajilaumu, nikasema labda sijui kuendesha. Siku mbili mbele nikapata pancha ya msumari, fundi mmoja pale Manzese akavua tairi kwenye ringi, akaipangusa na tambara la maji ya sabuni, akageuza ule upande uliokuwa umeangalia dramu ya breki. Akakaa kimya kidogo, halafu akacheka. "Anti, hii tairi imemzidi umri mwanao wa mwisho." Akaniwekea kidole: 3816.

Basi mada nzima ya leo ni hiyo. Saizi mnaijua, soma iliyoandikwa kwenye tairi unayoitoa (yangu ni 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma), bei mtapatana wenyewe, ya tyubu na isiyo ya tyubu fundi wako atakwambia. Ila hakuna anayekwambia habari ya tarehe.

Kwa tairi nyingi kuna kiduara kirefu kama yai kwenye ubavu, mara nyingi mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT, ndani yake kuna namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kwa hiyo 3816 ni wiki ya 38 ya mwaka 2016, yaani Septemba 2016, na mimi nimeuziwa 2024 kama mpya. Tena kiduara hicho mara nyingi kipo upande mmoja tu, ndo maana nasema igeuze, maana dukani zimetundikwa zinakuangalia kwa upande ule mwingine, sisemi ni makusudi, lakini mbona kila duka?

Mpira unazeeka hata kama haujatembea hata mita moja. Joto, jua na hewa vinaukausha mpaka unakuwa mgumu, na mpira mgumu haung'ang'anii lami yenye maji. Ubaya ni kwamba macho hayakusaidii, kipara unakiona lakini uzee huuoni, mifereji yote iko pale imechongeka vizuri. Mimi sasa naingia dukani na kucha. Unakandamiza ukucha kwenye mpira unaogusa barabara, tairi isiyozeeka inabonyea kidogo halafu inarudi, iliyozeeka utadhani unakandamiza ndoo ya plastiki. Halafu unaikunja kidogo unachungulia ndani ya mifereji, ukiona vinyufa vyembamba kama kisigino cha mtu anayeshinda peku, rudisha mahali pake.

Michelin, watengeneza tairi wenyewe, wanasema tairi ikishatumika miaka mitano ikaguliwe kila mwaka, na ikifika kumi tangu kutengenezwa itoke hata kama inaonekana nzima. Sawa, lakini hapo wanaongelea tairi iliyotunzwa, sio ya kwetu inayoning'inia kwenye geti la duka jua la Dar linaichapa toka saa mbili asubuhi. Sheria yangu mimi: ya chini ya miaka miwili nachukua, ya miaka mitatu tunajadiliana na ukucha wangu, zaidi ya hapo hata uninunulie na soda.

Na ukikuta tairi inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, jiulize imepakwa nini na kwa nini. Ile dawa ya kung'arisha dashibodi inaficha vinyufa vyote, na inateleza. Hata tairi mpya ya kweli ina utelezi wake, kilomita mia za kwanza nenda kistaarabu.

Sasa tuzipange kampuni za tairi, ipi ya kwanza ipi ya mwisho.

Namba moja ni MRF na sijifichi, naipenda, wanaonijua wanajua. Ni Wahindi wa Chennai, kirefu chake Madras Rubber Factory, walianza 1946 wakitengeneza maputo ya watoto, mimi hilo linanifurahisha sana sijui kwa nini. Mbele nina Zapper, nyuma nina Nylogrip, masika ya mwaka huo yote nimepita nayo pale pale kwenye ile zebra sikuwahi kutikisika tena. Halafu kwa vile inauzika haraka, mzigo haukai stoo, unakuta ya miezi nane, ya miezi kumi. Lakini MRF ya miaka saba nayo ni ndoo ya plastiki tu, usiniambie nilisema.

Namba mbili TVS, siku hizi imeandikwa Eurogrip, inatoka Madurai kule kule India. Kwa hisia zangu MRF inashika zaidi kwenye maji, ila hii inapatikana mpaka huko vijijini, na kwa mtu wa safari ndefu hiyo ni sababu tosha.

Ya tatu CEAT. Wengi hawajui kwamba hii ilizaliwa Italia, Turin, mwaka 1924, ndo ikaja kuwa ya Wahindi. Hii nawashauri zaidi wabeba mizigo na nyie mnaopakia abiria mishikaki, ingawa hapa muangalie kitu kingine pia, zile namba baada ya saizi. Ikiandikwa 47P, 47 maana yake tairi hiyo moja inabeba mpaka kilo 175, P ni spidi mpaka 150. Ikiwa 41 ni kilo 145. Saizi ile ile, muonekano ule ule, tofauti kilo thelathini, na hapo ndo mnashangaa tairi imevimba ubavu.

Michelin City Pro ni nzuri, ina tabaka la ziada la kupunguza pancha, lakini ukitajiwa bei tafuta kwanza pa kukaa. Na angalia tarehe mara mbili, maana kitu cha bei hakitoki haraka, ndicho kinachozeekea rafu.

Za bei ya kutupwa zisizo na jina wala tarehe, hapana. Za mtumba, hapana kubwa. Za kashata, zile zenye meno makubwa yaliyoachana, waachieni watu wa tope, kwenye lami yenye maji ni mpira kidogo sana unaogusa chini.

Sasa wauzaji. Naingia na helmeti mkononi, ananiuliza "sista, mzee ana pikipiki gani?" Mzee yupi? Nikiuliza tarehe anasema hiyo namba ya kiwandani tu haina maana, mwingine akaniambia "dada, tairi sio maziwa, haichachi." Mvua zikianza bei inapanda elfu tano, ukidai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inapanda tena, anakwambia bei hiyo ilikuwa bila VAT, kana kwamba ile asilimia 18 ni mimi niliyeitunga. Na ukirudisha tairi anakuuliza risiti iko wapi, ile ile aliyokunyima.

Jina la duka lililoniuzia silitaji, na kampuni iliyotengeneza siitaji maana kosa si lao, kosa ni la aliyeilaza miaka saba. Ila wiki iliyopita nilipita pale, nikasimama kama nasubiri mtu, nikainyanyua moja nikaigeuza. 3816. Zilikuwa zimebaki nne, zimepakwa upya zinameremeta, na sasa ni elfu sitini.