Utembelee Zermatt au Lugano?

Zote ziko Uswisi, lakini ni kama dunia mbili. Zermatt iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Matterhorn wenye mita 4,478. Magari ya petroli hayaingii kijijini: unafika kwa treni, kisha husikii ila vigari vya umeme na mto unaotoka kwenye barafu, maji yake meupe kama tui. Barafu hiyo inazidi kupungua, na jambo hilo linaniuma sana.

Lugano iko kando ya ziwa, ina joto, hata mitende inaota. Ila kiangazi hewa huchafuka kwa ozoni, gesi inayodhuru mapafu ikiwa karibu na ardhi; sehemu yake hutoka bonde la Po, Italia.

Julai ningekwenda Zermatt. Lugano ningeiendea Aprili, kabla joto halijapanda.