Friji ya njia tatu: miaka minne ya kutafuta tambarare

Tulipolinunua gari hili la kuishi, friji ilikuwa imo tayari, na umri wake miaka 12. Mwenye gari aliupiga mlango wake kiganja, akasema, "Hii haijawahi kunisumbua." Sasa najua hakutudanganya. Yeye alikuwa mtu wa safari za wiki mbili kwa mwaka. Sisi tumehamia humu moja kwa moja, mwaka wa nne huu, na friji inawaka usiku na mchana. Kwa hiyo sikiliza ya mtu aliyeishi nayo, si ya mtu aliyekwenda nayo likizo.

Kwa asiyeijua, friji ya njia tatu hutumia gesi ya mtungi, au umeme wa kawaida ukipata pa kuchomeka, au umeme wa volti 12 wakati gari linatembea. Yetu ni ya lita mia na ushei, na kichumba cha barafu juu. Haina kompresa, haina mota, hakuna kinachozunguka. Kinacholeta baridi ni moto. Wageni nikiwafungulia kidirisha cha nje na kuwaonyesha ule mwali wa bluu unaowaka nyuma ya friji, hudhani nawafanyia mzaha.

Kinachotendeka ni hiki. Nyuma kuna mabomba meusi yaliyozibwa kabisa, ndani mna maji, amonia na haidrojeni. Moto unachemsha maji yenye amonia, mvuke wa amonia unapanda, unapoa kwenye mapezi ya juu, yaani vibati vyembamba vya kupitishia joto, na kuwa kimiminika. Kimiminika kinateremka, kinakutana na haidrojeni, kinageuka mvuke tena, na katika kugeuka huko kinafyonza joto la maziwa yako. Kisha maji yanaidaka amonia na safari inaanza upya. Waliobuni mtindo huu ni wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Huwa nawakumbuka nyakati mbili: usiku, ninapolala hatua mbili tu kutoka kwenye friji na nisisikie hata pumzi yake; na mchana wa jua kali, siagi inapogeuka mchuzi.

Sasa rudi kwenye lile neno "kinateremka". Humo ndani hamna pampu. Kila kitu kinakwenda kwa uzito wake, kama maji ya mvua kwenye mfereji wa bati. Gari likilala upande, mfereji nao umelala, na kimiminika kinatuama mahali pasipo pake. Moto unaendelea kuunguza gesi, bomba linachemka, na baridi hakuna. Ukiiacha hivyo siku nyingi unaiua, kwa sababu dawa ya kuzuia kutu iliyomo kwenye yale maji huganda na kuziba bomba. Gari likiwa barabarani si neno, mtikisiko unakwenda huku unarudi huku. Balaa ni kuegesha.

Nasi tuliegesha. Mwaka wa kwanza, juu ya kilima, mahali pazuri ajabu, siku tatu. Yai nililoliweka juu ya meza liliviringika lenyewe mpaka kwenye sinki, tukacheka. Siku ya tatu maziwa yalikatika kikombeni. Nikafungua kichumba cha barafu, nyama imelowa na inachuruzika. Hakuna aliyecheka. Tulishuka hadi uwanda wa chini, tukaizima ipumzike, tukaiwasha upya, na ilichukua nusu siku kabla mapezi ya ndani hayajaanza kushika ubaridi. Tulikuwa na bahati, bomba halikuziba.

Tangu siku hiyo pimamaji inakaa kwenye droo moja na vijiko. Naiweka kwenye sakafu ya kichumba cha barafu, si kwenye sakafu ya gari. Hili nimelijua kwa kuchelewa: kwa miezi kadhaa nilikuwa nasawazisha sakafu ya gari kwa uaminifu mkubwa, kumbe friji yenyewe ilifungwa ikiwa imeinama kidogo kuelekea mlangoni. Mume wangu anapandisha magurudumu kwenye kabari, mimi nimeingiza kichwa kwenye friji natazama povu la pimamaji. "Mama, imekaa?" "Bado. Panda. Panda kidogo. Basi! Rudi!" Majirani wa kambini hudhani tunagombana, na siku nyingine ni kweli.

Mwaka wa pili iliacha kugandisha. Tukaipeleka karakana moja, siitaji. Fundi akachungulia kwa dakika moja, akasema mtambo wa baridi umekufa, nunueni friji mpya, na bei aliyoitaja ilimfanya mume wangu atafute pa kukaa. Nikamuuliza, umeijaribu kwa umeme? Akasema hakuna haja. Mimi nilikuwa nimeijaribu: kwa umeme ilikuwa inagandisha vizuri, kwa gesi ndiyo ilikuwa vuguvugu. Sasa mabomba ni yale yale, amonia ni ile ile, kinachobadilika ni kinachoyapasha joto tu. Ikipoza kwa umeme na ikashindwa kwa gesi, ugonjwa uko kwenye moto. Tuliaga kwa heshima tukaondoka.

Jioni nilifungua kidirisha cha nje nikapiga magoti. Mwali ulikuwa wa njano, mfupi, umeegemea upande mmoja kama wa mshumaa unaopulizwa, ilhali unatakiwa uwe wa bluu, umesimama, na unavuma kwa mbali. Nikafunga gesi kwenye mtungi, nikasubiri vyuma vipoe. Skrubu mbili, kifuniko cha bati kikatoka, na jibu likawa limekaa pale pale juu ya kichomeo: magamba ya kutu, makubwa kama kucha, yamedondoka kutoka kwenye dohani na kuziba nusu ya matundu. Gari letu hupita barabara mbovu, na kila shimo linapukutisha kutu kidogo. Ndani ya dohani huning'inia kipande cha bati kilichosokotwa kama parafujo, kazi yake ni kulichelewesha joto lisitoroke upesi. Nikakivuta kwa waya wake. Kilikuja kimevaa masizi mazito, na baada ya kukisugua na kupitisha brashi ya chupa kwenye dohani yote, mikono yangu ilikuwa ya mchoma mkaa.

Kale katundu kanakopitishia gesi nilikafungua kwa spana ndogo, nikakalaza usiku kucha ndani ya spiriti, asubuhi nikakapuliza. Usithubutu kukachokoa kwa sindano. Kametobolewa kwa kipimo. Ukikapanua hata chembe, gesi itapita nyingi mno kwa hewa iliyopo na masizi hayatakwisha milele. Baada ya kufunga kila kitu nilipaka maji ya sabuni kwenye viungo vyote vya bomba la gesi na kufungua mtungi. Povu likifura, unarudia. Halikufura. Nikabonyeza kitufe, nikabofya kiwashio, nikashikilia kama sekunde 15 mpaka kile kijiti cha shaba kinachoonja moto kipate joto. Hicho ndicho kinachofunga gesi chenyewe mwali ukizimika. Bluu. Kesho yake alfajiri trei ya barafu ilikuwa jiwe.

Kazi ile ilikula saa mbili na chupa ndogo ya spiriti. Wengi husema mara moja kwa mwaka inatosha; mimi, kwa kuwa yetu haipumziki, naifanya kila miezi sita. Mtu asiyezoea gesi amwite fundi wa gesi, ila amwambie kwanza kwamba kwa umeme inapoza. Kitu pekee kisicho na dawa ni ukisikia harufu kali ya amonia, au ukiona unga wa njano kwenye mabomba ya nyuma. Hapo mtambo umetoboka, uzime na ufungue madirisha.

Joto ndilo linalonikera zaidi. Friji hii hushusha nyuzi 20 hadi 25 chini ya hewa ya nje, haizidi hapo sana. Nje kukiwa na nyuzi 35, ndani utaambulia 10 na zaidi, wakati nyama na maziwa vinataka 5 au chini yake. Nina kipimajoto rafu ya kati na nakiamini kuliko macho yangu. Tumefunga feni mbili ndogo, za aina ya kwenye kompyuta, karibu na tundu la juu la hewa, zivute joto la mapezi litoke nje, na swichi inayoziwasha zenyewe nyuma kukipata joto. Hazili umeme wa kutisha. Zimetupa nyuzi tatu, siku nyingine nne, na hizo ndizo tofauti ya kula na kutupa. Lingine ni kuegesha ubavu wa friji kivulini mchana. Jua la alasiri likipiga vidirisha vile, feni zitafanya kazi bure. Na usiijaze papo hapo ukategemea miujiza. Iwashe jana yake, ingiza vitu vikiwa baridi, acha nafasi hewa ipite, futa barafu kwenye mapezi ya ndani.

Njia ya volti 12 ni ya jina tu. Inavuta kama ampea 12 bila kupumzika. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 hutakiwi kuila zaidi ya nusu, kwa hiyo baada ya saa nne umemaliza. Kazi yake ni kuushikilia ubaridi uliokuwapo wakati injini inazungusha jenereta ya gari, basi. Yapo magari ambayo swichi inayotakiwa kuikatia friji umeme injini ikizimwa hunasa; letu lilinasa, tukala chakula cha mchana kwa raha, na tuliporudi ndani hata taa za kuosha vyombo hazikuwaka.

Ila kwenye gesi, hapo naivulia kofia. Inakula gramu 300 hivi kwa siku. Mtungi wa kilo 11, kwa friji peke yake, unavuka mwezi. Tumewahi kukaa siku tisa chini ya miti mikubwa, mawingu mazito, paneli za sola paani zikiwa pambo, na friji haikujua lolote. Jirani yetu mwenye friji ya kompresa alianza kuunguruma na jenereta siku ya tatu, saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye baridi kali chagua propani, kwa sababu butani hukataa kugeuka gesi karibu na nyuzi sifuri, na utabaki na mtungi mzito usiotoa kitu.

Na moto ni moto. Kabla ya kuingia kituo cha mafuta au kupanda kivuko, lazima uzimwe. Siku moja tulikuwa tumeshasimama kwenye pampu, mume wangu kashika mfuniko wa tangi, ndipo nikakumbuka kwamba mita mbili kutoka hapo kuna mwali unawaka. Sijui nilitokaje garini. Sasa nikiiwasha kwa gesi nafunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa gia, na hakuna anayeondoa gari kikiwa pale.

Nani aichukue? Anayekaa sehemu moja wiki nzima, mbali na umeme, kwenye hewa ya wastani, na asiyeona uvivu kuinama na pimamaji. Anayehama kila siku, au anayefuata jua, atafute ya kompresa: hiyo haijali mteremko, inapoza hata kwenye joto kali, na inavuta ampea nne au tano ikiwa inafanya kazi tu, kisha inapumzika. Lakini ahesabu na bei ya betri na paneli, maana friji peke yake haiji na umeme wake.

Yetu ikifa tutaweka kompresa. Nafasi kabatini nimeshaipima, mume wangu anasema kwanza ife. Juzi nimeitoa masizi tena, ikawaka kwa mbofyo wa kwanza.