Bella au Mzee Walton: fumbo lipi linauma zaidi?

Mauaji haya mawili ya Uingereza ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hutajwa pamoja mara nyingi. Ukitaka kuanza na moja, anza na la Bella, mwanamke ambaye hadi leo hajulikani alikuwa nani.

Aprili 1943, wavulana wanne waliokuwa wakisaka viota vya ndege katika msitu wa Hagley, Worcestershire, walikuta fuvu ndani ya shina la mti lililokuwa na uwazi. Polisi wakatoa mifupa ya mwanamke, pete ya ndoa, na kipande cha kitambaa kilichosokomezwa mdomoni. Profesa James Webster, aliyeichunguza mifupa hiyo, alikadiria kwamba mwanamke huyo alikufa angalau miezi 18 kabla ya kupatikana. Vita vilikuwa vimetawanya watu. Nani angejua yupi hasa ametoweka? Kisha, mwaka 1944, maandishi yakatokea ukutani yakiuliza nani aliyemtia Bella mtini. Mwandishi yule alilipata wapi jina hilo? Hapo ndipo mwili hunisisimka.

Charles Walton tunamjua: mzee wa miaka 74, kibarua wa kupunguza michongoma, Lower Quinton, Warwickshire. Aliuawa tarehe 14 Februari 1945 kwa zana zake mwenyewe, mundu na uma wa nyasi. Mpelelezi Robert Fabian wa Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, aliondoka mikono mitupu. Baadaye Margaret Murray, mwanaanthropolojia, akavihusisha visa vyote viwili na uchawi. Uvumi huo unanikera, maana umemgeuza mzee wa watu kuwa hadithi ya kutishia watoto.

Walau Walton ana jina. Bella, hata mifupa yake ilipotea.