TAHADHARI: Mnaoagiza mashine za baindingi Kariakoo mkiwa mikoani

Wenye steshenari wenzangu, someni hii kabla hamjatuma hela. Nimetapeliwa laki tatu na themanini na mtu anayejiita muuzaji wa vifaa vya ofisi Kariakoo, na hadi sasa naandika mikono inatetemeka kwa hasira.

Mashine yangu ya zamani ilinitenda vibaya msimu wa ripoti za field. Safari hii niliwaahidi wanafunzi kuwabaindia ripoti kwa springi ya plastiki, ile ya kuzungusha, siyo kitana, ile plastiki yenye meno inayofunguka kwenye begi kurasa zikamwagika. Ripoti ya springi unaikunja nyuma kwa nyuma na haiachii. Hapa Morogoro bei nilizotajiwa ofisi ya chumba kimoja haiziwezi.

Tangazo lake nililiona Instagram. Nikampigia, akapokea hapohapo, mtu mzima, sauti ya utulivu, shikamoo yangu akaiitikia vizuri. Nikamwambia sitaki picha, nataka niione mashine ikifanya kazi. Akanipigia simu ya video. Nawaapia niliiona kwa macho yangu! Akaingiza karatasi, akavuta mpini, akaitoa na kuisogeza karibu na kamera: matundu madogo ya duara, yamesongamana ukingo mzima. Akachukua springi nyeusi, akaizungusha mpaka mwisho, akakata ncha kwa koleo na kuikunja. Kitabu kikatoka safi kabisa. "Bosi wangu, utakayoletewa ni hiihii." Nyuma yake nasikia wateja wanauliza bei ya rimu. Niambieni nyie, hapo ungekataa nini? Na dada wa kopi pale getini alishaagiza kwake mashine ya laminesheni ikafika salama. Sote tunaagiza Dar hivyo: unalipa, mzigo unapandishwa basi, unaufuata Msamvu.

Boksi lilifika limezungushiwa solotepu kila upande. Nikalibeba na boda mpaka ofisini, wanafunzi wamekaa kwenye benchi wananingoja. Nikaweka karatasi, nikavuta mpini. Matundu ya mstatili! Yale makubwa ya kitana, 21 kwenye A4. Nikahisi damu inanipanda kichwani. Nikageuza mashine: kibandiko cha modeli kimekwanguliwa. Nikavuta droo ya makapi, nikakuta vipande vya karatasi vya mwenye nayo wa kwanza, rangi ya bluu na pinki, vimejaa. Yaani hata kuimwaga takataka hakujisumbua. Aliniambia inatoboa karatasi 20 kwa mpigo. Nilipoweka chache tu ikazitafuna kingo. Na springi haipiti humo hata ufanyeje, kwa sababu matundu ya kitana yameachana kama milimita 14, wakati springi inataka matundu ya duara zaidi ya 40, kila baada ya milimita 6 hivi. Wale watoto walikuwa kimya wananiangalia. Aibu niliyoipata mbele yao naijua mwenyewe.

Nikampigia. "Si nayo inabaindi, dada?" Ndicho alichojibu. Akakata, akanibloku.

Sikilizeni sasa. Lipa namba ilileta jina ambalo si la duka, akasema ni la mkewe. Risiti ya EFD akasema ataiweka ndani ya boksi, haimo. Bei aliishusha mwenyewe kabla sijaomba. Kwenye video hakuigeuza mashine hata mara moja nione kibandiko chake. Mkiagiza, mwambieni muuzaji aandike jina lenu na tarehe kwenye karatasi, aitobolee kwenye mashine mnayonunua mkiwa mnaona, na aiweke karatasi hiyo kwenye mzigo. Hesabuni matundu. Muulizeni pia hizo karatasi 20 anazosema ni za uzito gani, maana gramu 70 si sawa na jalada la juu.

Lakini mimi ninachotaka ni mtu huyu akamatwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, ilitungwa kwa ajili ya nani kama si hawa? Laini za simu tunasajili kwa alama za vidole, kwa hiyo anajulikana ni nani. Afungwe, duka lifungwe, na laki tatu na themanini yangu airudishe yote pamoja na nauli ya mzigo. Anawaibia watu wanaoishi kwa kurasa za mia mia! Anakula ada ya watoto wetu kisha anatuita bosi wangu.

Meseji zake nimezituma 15040, ile namba ya kuripoti meseji za utapeli. Polisi nimeripoti, RB (namba ya taarifa yangu polisi) ninayo. Aliyewahi kuuziwa hivi na mtu wa Kariakoo anayeonyesha mashine ya springi kwenye video na kutuma ya kitana, aje inbox na ujumbe wa muamala wake tulinganishe lile jina la lipa namba. Tukiwa wengi kesi inakuwa nzito, na mpelelezi amesema anasubiri hao wengine.