Temozolomaidi kwa mgonjwa wa kijijini: dawa nzuri, ila inataka maabara

Kapsuli za temozolomaidi hutolewa pamoja na mionzi kwa glioblastoma, saratani kali ya ubongo. Haziponyi, zinaongeza muda. Katika utafiti wa 2005 wa wagonjwa 573, waliofikisha miaka miwili walikuwa asilimia 26.5 kwa waliopata vyote viwili, na 10.4 kwa waliopata mionzi peke yake. Kwa ugonjwa huu, hiyo ni tofauti kubwa.

Wakati wa mionzi ya wiki sita mambo ni mepesi: miligramu 75 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili (hukokotolewa kwa urefu na uzito), kila siku, hata Jumamosi na Jumapili. Mwenye mita 1.6 anameza 120, yaani kapsuli moja ya 100 na moja ya 20.

Hatari huanza akisharudi nyumbani. Baada ya mapumziko ya wiki nne, dozi hupanda hadi 150 kwa mita (kwake 240), lakini kwa siku tano tu katika kila siku 28. Anayezoea kumeza kila siku akaendelea hivyo huharibu uboho, yaani kiwanda cha damu ndani ya mifupa, chembe za damu zikaporomoka. Kabla hajaondoka hospitali, zile tarehe tano zizungushiwe duara kwenye kalenda, na anayemuuguza azisome kwa sauti mbele ya mfamasia.

Siku ya 22 ya kila mzunguko wa siku 28 hupimwa FBP, kipimo kinachohesabu chembe zote za damu. Mzunguko mpya unasubiri chembe sahani, zinazogandisha damu, zifike 100,000, na nyutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na maambukizi, 1,500, kwa kila mikrolita ya damu. Zahanati nyingi hupima wingi wa damu tu, na hicho hakitoshi hata kidogo. Pigeni simu hospitali ya wilaya mapema: mashine inafanya kazi? Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vipo?

Kapsuli humezwa nzima, tumbo tupu, usiku ndiyo nafuu, nusu saa baada ya dawa ya kuzuia kutapika. Akitapika, asirudie dozi. Ikipasuka, mjamzito asiguse unga wake. Homa ikifika 38, aende hospitali siku hiyohiyo; kipimo cha malaria peke yake kisiwatulize.

Tunaipendekeza kwa mwenye uhakika wa FBP kila mwezi. Na pale fedha inapotosha kimoja tu, kwa wagonjwa wengi nauli na malazi ya mionzi, katika hospitali ya Ocean Road (Dar es Salaam) au Bugando (Mwanza), yatangulie kapsuli.